Mwenye nyumba au fundi? Gharama halisi imefichwa ukutani

KANUNI mpya za kitaifa za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025 na kuchukua mahali pa zile zilizotungwa mwaka 1968. Kama ilivyo desturi, macho ya wengi yameelekezwa kwa majumba ya ghorofa yanayochipuka kila uchao jijini Nairobi na viungani mwake.

Hofu hiyo ina msingi. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la makazi liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, kufuatia mvua kubwa na takriban watu 50 wakaangamia. Ilibainika baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa.

Lakini kuna ujenzi mwingine unaoendelea kila wikendi bila ramani, bila mhandisi na bila bango langoni. Huu ni ule wa mwenye nyumba anayeng'oa sakafu ya bafu, anayeongeza chumba nyuma ya jikoni, anayebadilisha mabati yanayovuja au anayetundika shawa ya kupasha maji moto kwa umeme.

Ni katika kazi hizi ndogo ambapo familia nyingi hukabiliwa na swali moja: je, mwenye nyumba akunje mikono ya shati afanye kazi mwenyewe, au atafute fundi amlipe?

Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa kutazama mfuko. Anayejifanyia huamini kwamba ameokoa pesa, naye anayeajiri huamini kwamba amenunua ujuzi. Uchunguzi wa jinsi kazi hizi zinavyoendeshwa unaonyesha kuwa wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, kwani gharama kubwa ya ukarabati si ujira wa fundi. Gharama kubwa ni kosa ambalo halionekani hadi plasta ikauke na rangi ipakwe.

Kwa nini fundi hukwepwa

Sababu ya kwanza ya watu kutaka kujifanyia kazi ni gharama ya maisha. Mshahara unapokwisha kabla ya mwezi kufika katikati, ujira wa fundi wa siku tatu huonekana kama anasa.

Sababu ya pili ni intaneti. Leo hii mtu aliye na simu anaweza kutazama video ya namna ya kupanga vigae, kuunganisha mabomba au kubadilisha swichi, akajiona amehitimu kabla ya chai kupoa.

Sababu ya tatu, na pengine iliyo nzito kuliko zote, ni kutoaminiana. Malalamiko dhidi ya mafundi yanafahamika katika kila mtaa. Kuna anayepokea malipo ya awali akazima simu. Kuna anayeanza kazi nne kwa wakati mmoja asimalize hata moja. Kuna anayeandika mifuko kumi ya saruji ilhali kazi inahitaji saba.

Mafundi nao wana yao ya kusema. Mwenye nyumba hupunguza bei hadi fundi akabaki na nauli tu, kisha hutaka kazi ya hoteli. Hununua mchanga wenye udongo kwa sababu ni wa bei nafuu, halafu plasta ikipasuka lawama humwangukia mwashi. Wakati mwingine kazi humalizika na malipo ya mwisho yakageuka hadithi ya kesho na keshokutwa.

Matokeo ni kwamba pande zote mbili huingia katika kazi zikiwa zimejihami. Mwenye nyumba huzuia pesa akiogopa kutorokwa, naye fundi hupunguza saruji akiogopa kutolipwa. Anayeumia ni ukuta, na baadaye wale wanaolala chini yake.

Funzo la Dandora

Wazo kwamba mwananchi wa kipato cha chini anaweza kujijengea kwa mikono yake si geni nchini. Mradi wa Dandora, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na serikali ya Kenya, ulikusudiwa kutoa ploti 6,000. Kila aliyegawiwa alipewa kipande cha ardhi chenye choo, bafu na maji, akatarajiwa kuongeza vyumba hatua kwa hatua.

Waliobuni mpango huo waliamini kwamba jasho la mwenye ploti lingepunguza gharama. Hata hivyo, wengi wa waliogawiwa waliishia kuajiri mafundi na vibarua.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Mtu mwenye kibanda sokoni au kibarua kiwandani akishinda akichimba msingi, hupoteza mapato ya siku nzima, na pengine mapato hayo yanazidi ujira wa mtu wa mkono ambaye angemchimbia. Jasho la mwenyewe halikuwa la bure. Lilikuwa na bei, ila bei hiyo haikuandikwa kwenye hesabu.

Hapa ndipo hali ya Kenya inapotofautiana na ya nchi ambako desturi ya kujikarabatia nyumba imeshamiri. Nchini Uingereza, kwa mfano, ujira wa fundi wa siku moja ni mkubwa, na mwenye nyumba anayepaka rangi au kutundika kabati mwenyewe huokoa sehemu kubwa ya gharama.

Nchini Kenya mambo ni kinyume. Vifaa ndivyo humeza sehemu kubwa ya bajeti. Saruji, vyuma, vigae na mabomba huuzwa bei ile ile, awe anayevitumia ni hodari au mwanagenzi. Anayejifunza kukata vigae kwa mara ya kwanza akivunja kumi, tayari amekula sehemu ya ujira aliokuwa akijaribu kuokoa.

Isitoshe, ujira huo una kazi nyingine katika jamii. Takwimu za serikali zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba sekta ya jua kali hubeba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo cha wakulima wadogo. Mwashi, seremala na fundi wa mabomba ni sehemu ya jeshi hilo.

Kosa linaloonekana

Hayo yote hayana maana kwamba mwenye nyumba akae kitako akitazama. Zipo kazi ambazo anaweza kuzifanya vyema, na kipimo chake ni rahisi: kosa likitokea, je, litaonekana mara moja, na je, linaweza kurekebishwa bila mtu kuumia?

Kupaka rangi ni mfano bora. Chumba cha mita nne kwa tatu chenye urefu wa mita 2.7 kwenda juu kina kuta za takriban mita mraba 38 kabla ya kutoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi nzuri hufunika takriban mita mraba 10 kwa mkono mmoja. Kwa hiyo mkopo mmoja wa lita nne unatosha mkono wa kwanza, na wa pili unatosha mkono wa kumalizia.

Mwenye nyumba anayejua hesabu hiyo hatanunua rangi kupita kiasi, na hata akiajiri mpakaji hatadanganywa. Akikosea, ukuta utaonyesha mabaka, naye atarudia Jumamosi ijayo.

Hali ni hiyo hiyo kwa kubadilisha kitasa cha mlango, kuziba nyufa ndogo za plasta, kupaka vanishi kabati au kubadilisha mfereji unaodondoka baada ya kufunga maji. Kazi nyingine ya manufaa ni kuunyunyizia maji ukuta uliopigwa plasta au sakafu mpya kwa angalau siku saba. Saruji haipati nguvu kwa kukauka upesi bali kwa kukaa na unyevu, na mafundi wengi huwa wameshaondoka kufikia siku ya pili.

Hata hapa tahadhari inahitajika. Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake likikwanguliwa katika nyumba yenye watoto wadogo ni sumu kwa ubongo unaokua. Ukuta kama huo haufai kusuguliwa ukiwa mkavu.

Kosa linalofichwa

Upande wa pili kuna kazi ambazo kosa lake hufunikwa siku ile ile linapofanywa. Umeme ndio wa kwanza.

Shawa ya kupasha maji, ambayo imekuwa kifaa cha kawaida katika nyumba za mijini, inaweza kutumia wati 5,500. Kwa umeme wa volti 240 unaosambazwa nchini, hiyo ni takriban ampea 23. Waya wa taa, ambao kwa kawaida huwa na unene wa milimita mraba 1.5, haukukusudiwa kubeba mzigo huo.

Shawa inastahili waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha umeme, swichi yake yenyewe na waya madhubuti wa kuupeleka umeme ardhini hitilafu ikitokea. Anayeiunganisha kwenye waya wa taa ataoga maji moto siku ya kwanza na kudhani amefaulu. Swichi ya usalama ikianza kujizima, atabadilisha na kuweka kubwa zaidi. Kuanzia hapo waya utakuwa ukichemka ndani ya ukuta bila chochote cha kuukatiza.

Kule ambako maji ya kisima yana chumvi, hatari huongezeka, kwani chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi. Shawa za maji ya aina hiyo huundwa kwa namna tofauti. Asiyejua hununua yoyote iliyo dukani.

Video za intaneti nazo zinaweza kuua kwa jambo dogo kama rangi ya waya. Nchini Marekani, waya mweusi ndio wenye umeme. Katika nyumba kongwe za Kenya zilizowekewa nyaya kwa mfumo wa zamani wa Uingereza, mwekundu ndio wenye umeme, na mweusi ndio wa kurudisha. Katika nyumba mpya, ni kahawia na buluu. Anayefuata mwalimu wa ng'ambo bila kujua tofauti hiyo anafuata ramani ya mji mwingine.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 haikuliacha suala hili wazi. Kazi ya kuweka nyaya za umeme inapaswa kufanywa na aliye na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo hutoa leseni za viwango mbalimbali kulingana na uzito wa kazi.

Kuta nazo zina siri yake. Wengi hutaka kuangusha ukuta kati ya jikoni na sebule ili nyumba ionekane kubwa. Katika video za Marekani, ukuta huo mara nyingi ni fremu ya mbao iliyofunikwa kwa jasi. Katika nyumba nyingi za Kenya ni wa mawe ya kuchonga, na huenda ndio ulioshikilia sakafu ya zege ya ghorofa ya juu. Ukuta unaobeba uzito haujitambulishi. Humhitaji mhandisi kuutambua, na boriti kuwekwa kabla ya jiwe la kwanza kuondolewa.

Mtaa wa Buruburu, uliojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa ramani moja iliyopangwa kwa makini, umebadilika mno kutokana na vyumba na vibanda vilivyoongezwa na wenye nyumba. Kisheria, mabadiliko ya aina hiyo huhitaji kibali cha serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

Mabomba huleta hasara ya polepole. Mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa kuyeyushwa kwa joto yanapaswa kujaribiwa kwa shinikizo la maji kabla ya kufunikwa. Jaribio hilo likirukwa, tone moja kwa dakika litaonekana miezi kadhaa baadaye kama doa kwenye ukuta wa jirani, na vigae vipya vitapaswa kung'olewa.

Paa za asbesto ni hatari ya aina yake. Bado zimo katika baadhi ya majengo ya zamani, na kanuni za taka za mwaka 2006 zimeiorodhesha asbesto miongoni mwa taka hatari. Anayeivunja kwa nyundo hatahisi lolote siku hiyo. Nyuzi zake huingia mapafuni, na saratani inaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Kazi hiyo si ya mwenye nyumba wala ya fundi wa kawaida, bali ya wanaotambuliwa na mamlaka ya mazingira, NEMA.

Si kila fundi ni fundi

Swali la pili basi ni hili: iwapo kazi za siri ni za fundi, fundi ni nani?

Neno hilo nchini Kenya halina lango. Kijana aliyebeba karai kwa miezi sita anaweza kuamka Jumatatu akiwa mwashi. Papo hapo, kuna aliyejifunza chini ya bwana wake kwa miaka ishirini, mwenye jicho linaloshindana na timazi, lakini hana hata karatasi moja ya kumthibitisha. Mbele ya mteja mgeni, wawili hawa hufanana.

Mifumo ya kuwatofautisha ipo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi na kuidhinisha mafundi stadi. Sheria hiyo inapotaja ujenzi hujumuisha pia ukarabati. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili aliyefunzwa na kazi yenyewe apimwe na kupewa cheti.

Tatizo ni kwamba mifumo hii haijafika pale fundi anapopatikana. Anayetafuta mwashi haendi kwenye sajili. Huuliza jirani, au hupiga simu ya nambari iliyoandikwa kwa chaki kwenye mlango wa duka la vifaa vya ujenzi. Wakaguzi nao hufuata majengo marefu. Bafu la nyumba ya vyumba vitatu halina mkaguzi.

Kwa hiyo mambo yakiharibika, lawama huzunguka bila kutua. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi hulaumu vifaa, mwenye duka hulaumu kiwanda. Iwapo nyumba ni ya kupangisha, anayelipa ni mpangaji, ambaye hakuchagua fundi wala kununua waya.

Karatasi moja

Hadi serikali itakapolifikia bafu hilo, mwananchi ana silaha ambayo huitumia kwa nadra: karatasi moja yenye sahihi mbili.

Karatasi hiyo haihitaji lugha ya mawakili. Inatosha ieleze kazi yenyewe, nani ananunua vifaa, mchanganyiko wa saruji na mchanga, siku ya kumaliza na malipo yatatolewa katika hatua zipi. Plasta ya fungu moja la saruji kwa manne ya mchanga si sawa na ya moja kwa manane, na tofauti hiyo haionekani kwa macho baada ya rangi.

Katika kandarasi kubwa ni kawaida sehemu ndogo ya malipo kuzuiliwa kwa miezi kadhaa hadi kasoro zirekebishwe. Hakuna kinachozuia utaratibu huo kutumiwa katika kazi ya jikoni, mradi fundi alipwe kwa wakati yale yaliyosalia. Aidha, mwenye nyumba anaweza kusisitiza kwamba hakuna bomba wala waya utakaofunikwa kabla ya kujaribiwa na kupigwa picha kwa simu. Picha hiyo itamfaa hata fundi atakayekuja miaka kumi baadaye.

Karatasi hiyo ina nguvu mahakamani. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021 chini ya sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mlango huo uko wazi kwa mwenye nyumba aliyetorokwa na kwa fundi aliyenyimwa jasho lake.

Serikali za kaunti nazo zinaweza kusaidia bila kuunda afisi mpya. Orodha ya mafundi walioidhinishwa ikibandikwa katika kila wadi na katika maduka ya vifaa vya ujenzi, fundi mwenye cheti atapata faida ya kuwa nacho. Kwa sasa, mwenye cheti na asiye nacho hushindania kazi moja kwa bei moja, na aliyetumia pesa kufanya mtihani ndiye huonekana mjinga.

Mwenye nyumba hapaswi kuwa mtazamaji wala daktari wa kila ugonjwa. Apake rangi, anyunyize maji, ahesabu mifuko na kuuliza maswali. Lakini yale yatakayozikwa ndani ya ukuta, juu ya dari na chini ya sakafu ayaache kwa mtu anayejua anachokifanya, anayetambulika kwa jina na anayeweza kupatikana kesho.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mgeni husifu vigae na rangi, lakini wenyeji hulala na nyaya na nguzo ambazo hakuna anayeziona.